Gundi Husingiziwa: Matatizo ya Bangili, Hereni, Mikoba na Mito ya Kitenge, na Jinsi ya Kuyatatua

Malalamiko yanayonifikia hayapishani sana. Bangili imebanduka. Hereni imejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Mkoba umeng'oka mkanda siku ya pili tu sokoni. Mto wa khanga umetoka na nusu ya jina. Na karibu kila anayelalamika huanza hivi: "Hii gundi ni feki."

Mara nyingine ni feki kweli. Lakini kazi nyingi ninazoletewa niziangalie, kosa lilikuwa limeshafanyika kabla kopo la gundi halijafunguliwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea oda ya bangili thelathini za kicheni pati, nikazifunika kitenge kipya kinachong'aa, moja kwa moja kutoka dukani. Shughuli ilikuwa Jumamosi. Mpaka wageni wanagawiwa pilau, bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameshika mkononi duara la boksi tupu, kitambaa kimemlalia mapajani. Nikamlaumu muuza gundi wiki nzima. Kumbe sikukifua kitambaa.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote, tuanze na kitambaa chenyewe.

Majaribio matatu ya dakika tano

Vipande vya kazi hizi mara nyingi hutoka sakafuni kwa fundi cherehani, bure au kwa bei ya soda. Ubaya wake ni kwamba hujui kimekatwa kwenye nini. Jina "kitenge" siku hizi hubeba vitu viwili: pamba iliyochapwa, na polista iliyochapwa maua yaleyale. Kariakoo utavikuta rafu moja, bei tofauti. Kwa macho ni mapacha, kwa gundi na pasi ni ndugu wasiosalimiana.

La kwanza ni moto. Chomoa nyuzi tatu nne, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani yenye maji, kisha uziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na kuacha majivu laini ya kijivu. Polista husinyaa kana kwamba inaukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko hufanya kidogo kidogo ya yote mawili. Usichome kipande kizima, wala usishike kwa vidole. Tone la polista iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza.

La pili ni tone la maji. Lidondoshe juu ya kitambaa. Likinywewa papo hapo, gundi nayo itanywewa. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, ama ni polista, ama ni pamba ambayo bado ina wanga na dawa za kiwandani. Ule ukakamavu wa khanga mpya tunaoupenda ndio huo wanga wenyewe. Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza vizuri, anika kivulini, piga pasi, kisha urudie tone. Kumbuka pia kwamba pamba ikifuliwa mara ya kwanza hurudi: kwenye mita moja, kupungua sentimita 3 hadi 5 si ajabu.

La tatu ni kusugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Cheupe kikibeba rangi, rukia sehemu ya rangi inayochuja kabla hujafanya lolote.

Dalili: kitambaa kinabanduka kwenye bangili au hereni

Hili ndilo linaloongoza, tena kwa mbali. Liangalie kwa mpangilio huu.

Tazama kwanza gundi imebaki wapi. Bandua kidogo pale palipoachia. Gundi ikiwa imebaki yote kwenye boksi au plastiki, na nyuma ya kitambaa ni safi, basi kitambaa ndicho kilichoikataa: hakikufuliwa, au ni polista. Gundi ikiwa imeganda nyuma ya kitambaa na plastiki imebaki inang'aa, tatizo ni plastiki. Ikiwa ipo pande zote mbili na inavutika kama ubani uliotafunwa, haikukauka au imelainishwa na joto. Uchunguzi huu mmoja utakuokolea fedha ya kununua kopo jipya.

Kitambaa kisichofuliwa: bandua chote, fua, rudia. Hakuna njia ya mkato hapa, nimezijaribu.

Polista: gundi nyeupe ya mbao haina pa kujishikiza. Itumie polista kwa kazi za kushona, kama vibanio vya nywele na mifuko midogo, ukaache kipande cha pamba kwa kazi za kubandika. Ukilazimika kuibandika, tumia gundi ya mafundi viatu.

Plastiki laini: bangili nyingi za bei nafuu hukatwa kwenye chupa ya maji au bomba la plastiki. Juu yake pana utelezi. Sugua kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iache ikauke. Duara la boksi linalobaki ndani ya selotepu pana ya kufungia mizigo halina shida hii, na gundi nyeupe hulipenda. Ila kipenyo chake cha ndani ni karibu sentimita 7.6, kwa hiyo kwa mkono mwembamba litacheza. Lipasue, punguza kidogo, liunge tena kwa selotepu kabla ya kufunika.

Kutosubiri: gundi nyeupe ikikauka kwa kugusa si kwamba imekauka. Ndani huwa bado ni maziwa. Ipe saa 24, na wakati wa masika huku pwani, ambapo hata chumvi hulowa ndani ya kopo, ipe siku mbili. Gundi ya viatu ina kosa lake la kinyume: watu hupaka upande mmoja na kubandika hapohapo. Hiyo hupakwa pande zote mbili, husubiriwa dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo pande zikutanishwe. Ukiharakisha, inateleza. Na ikishakutana haisogezwi, kwa hiyo pima kabla.

Joto: gundi ya bunduki, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa, huganda kwa haraka na ndiyo maana inapendwa. Lakini kilichogandishwa kwa kupoa hulainishwa kwa kupata moto. Bangili iliyoachwa mbele ya kioo cha gari saa saba mchana itafunguka yenyewe. Itumie kwa kushikiza ua au kifungo, usiitegemee kushika kitambaa kizima.

Maji: gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Anayeoga na bangili hana wa kumlaumu. Tabaka mbili za vanishi ya maji juu yake husaidia kwa jasho na manyunyu, si kwa ndoo.

*Onyo.* Gundi kali ya vitubu vidogo, ile inayoshika vidole kwa sekunde, usiimwage juu ya pamba wala sufu. Inapokutana na nyuzi za pamba hupata moto kwa ghafla, hufuka moshi, na inaweza kuunguza ngozi. Ikikubana vidole, usivute kwa nguvu: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, tenganisha polepole. Ikiingia jichoni, au ikibana kope au midomo, usijitibu, nenda hospitali. Na gundi ya viatu ina mvuke unaoshika moto na kulevya. Ifungulie nje, mbali na jiko la mkaa, mbali na watoto. Ukisikia kichwa kinazunguka, acha kazi utoke kwenye hewa.

Dalili: madoa ya gundi yanaonekana upande wa juu

Doa jeusi lililolowa, lisilotoka hata likikauka, maana yake gundi imepenya. Mara nyingi ni wingi wa gundi. Wengi humimina moja kwa moja kutoka kopo. Paka kwa brashi au kipande cha kadi, tabaka jembamba kama siagi ya kipato cha mwisho wa mwezi, na upake kwenye boksi, si kwenye kitambaa. Sababu ya pili ni kutumia khanga kwa kazi ya kitenge. Khanga ni nyepesi, gundi huipita. Ukiitaka khanga kwa sababu ya maua yake, weka chini yake kipande cha shuka jeupe.

Chini ya kitambaa chenye rangi nyepesi, maandishi ya boksi nayo huonekana. Funika kwanza kwa karatasi nyeupe.

Madoa meupe kama unga ni mambo mawili: gundi nyeupe ambayo haijakauka, subiri tu, au mvuke wa gundi kali uliotua pembeni. Hilo la pili halitoki kwenye pamba. Dawa ya kutolea rangi ya kucha hulegeza gundi kali, lakini inaweza kuondoka pia na maua ya kitenge chako, kwa hiyo jaribu kwanza pasipoonekana.

Dalili: makunyanzi kwenye bangili

Swali ninaloulizwa ni "nivute zaidi?" Hapana. Ukivuta zaidi utayahamisha makunyanzi kutoka nje kwenda ndani.

Sababu ni mwelekeo wa kukata. Kitambaa kilichokatwa kufuata nyuzi zake hakivutiki, na bangili ni mviringo: nje ni ndefu kuliko ndani. Kile kile kikikatwa mshazari hujinyoosha na kuukumbatia mzunguko. Kuupata mshazari hakuhitaji rula. Kunja pembe moja ya kipande mpaka ukingo wa juu ulale sawasawa juu ya ukingo wa pembeni. Mkunjo unaotokea ndio mshazari. Kata kufuata huo, mikanda ya upana wa sentimita 4 au 5, na uizungushe bangili kwa kupandanisha kila mzunguko nusu yake juu ya uliotangulia.

Vipande vya fundi ni vidogo, na mshazari hula kitambaa. Unga mikanda miwili mitatu, hata ya rangi tofauti. Maungio yawe ndani ya bangili.

Ukikata mshazari na bado inakunjamana, angalia upana wa mkanda. Mkanda mpana mno kwa bangili nyembamba hautalala hata ufanyeje. Bangili ya upana wa kidole inataka mkanda wa sentimita 3 au chini.

Dalili: nyuzi zinachomoka pembeni

Kwa kazi za kubandika, mkasi butu ndio mtuhumiwa wa kwanza. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, hata mtoto wa shule akilia. Kisha paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, kwenye mstari *kabla* ya kukata. Ikauke, ndipo ukate katikati yake.

Kwa kazi za kushona, ukingo upigwe zigizaga, au upelekwe kwa fundi mwenye ovaloki. Wengi hutoza kidogo kwa vipande vya kupitisha tu. Kama huna lolote kati ya hivyo, shona mshono wa kujificha: shona kwanza pande mbaya zikiwa zimetazamana, punguza ukingo, geuza, shona tena. Nyuzi zinabaki zimefungwa ndani.

Polista watu huichoma ukingo kwa mshumaa ili iyeyuke na kujifunga. Inafanya kazi kwa utepe mwembamba. Usiifanye kwa pamba, nadhani sababu unaijua, na usiifanye mezani penye gundi ya viatu.

Dalili: rangi inachuja na kuharibu bitana au nguo ya mvaaji

Rangi iliyozidi, ambayo kiwandani haikushika, itatoka tu. Itoe mapema. Fua kitambaa peke yake kwa maji baridi, badilisha maji mpaka yabaki meupe, mara tatu, nne, tano. Nyekundu, zambarau na bluu iliyokolea ndizo zenye ukaidi. Kikifika mara ya sita na maji bado ni kama juisi ya rozela, kitambaa hicho kipe kazi isiyogusana na mwili wala kulowa: fremu ya picha, kifuniko cha daftari.

Chumvi na siki tumeambiwa tangu utotoni. Kwa kitambaa kilichochapwa kiwandani havishikishi rangi kwa kutegemewa. Kinachofanya kazi pale ni kule kuloweka na kusuuza kwenyewe.

Bitana nyeupe ikishapata doa, irudishe majini kabla haijakauka na usiipige pasi, pasi hulichimbia doa.

Dalili: hereni imejikunja, au sikio linawasha

Hereni inajikunja kwa sababu umefunika upande mmoja. Gundi ikikauka huvuta. Funika nyuma pia, hata kwa karatasi, kisha uilaze chini ya vitabu vizito usiku mzima, katikati ya karatasi za nailoni ili isishikane navyo. Boksi la nafaka za kifungua kinywa ni jembamba mno likiwa peke yake. Bandika mawili, mwelekeo wa nyuzi za moja ukipishana na wa jingine.

Sikio ni jambo jingine, nalo lina uzito. Ndoano za hereni za bei ya chini mara nyingi zina nikeli, na watu wengi ngozi zao hazipatani nayo. Dalili ni kuwasha, wekundu, magamba au majimaji pale tundu lilipo. Hatua ya kwanza ni kuzivua, si kuvumilia. Kupaka ndoano rangi ya kucha isiyo na rangi huzuia kwa siku chache, kisha hukwanguka. Dawa ya kweli ni kubadilisha ndoano ukaweka zisizo na nikeli, kama za titani, au ukatumia hereni za kubana zisizo nayo. Ukiwa unauza, mwambie mteja ndoano ni za nini. Sikio likivimba, likipata moto, likitoa usaha, au homa ikija, hilo limeshatoka mikononi mwa mshona hereni. Ni zahanati.

Na hapo hapo, kwa wanaotengeneza vibanio vya watoto wachanga: kifungo au shanga isibandikwe, ishonwe, tena kwa uzi uliopitishwa mara kadhaa. Kilichobandikwa mtoto hukitoa kwa fizi na kukimeza. Mimi kwa wa chini ya miaka mitatu siweki kabisa, naweka fundo la kitambaa.

Dalili: cherehani inaruka, inakata uzi, au inavia nyuzi chini

Hapa watu hukimbilia kuzungusha kila skrubu. Usiguse skrubu yoyote kwanza.

Ikiwa *nyuzi zinavia chini*, kama kiota, kosa karibu kila mara liko juu. Uzi wa juu haukukaa kati ya visahani vinavyoukaza. Toa uzi wote, *inua mguu* wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vimebana na uzi unapita nje yake. Tia upya tangu mwanzo. Hii peke yake humaliza kesi nyingi.

Ikiwa *inaruka*, badilisha sindano. Si "bado nzima", badilisha. Kwa kitenge cha tabaka mbili tumia namba 90/14, kwa mkoba wenye bitana na mikanda 100/16. Angalia imewekwa sawa: ule mfereji mrefu wa sindano hutazama upande ambao uzi unaingilia. Halafu jiulize kama umeshona juu ya gundi. Gundi hubaki kwenye sindano, uzi hauteremki, mshono unaruka. Ifute kwa spiriti, na siku nyingine gundi iishie nusu sentimita kabla ya mstari wa kushona.

Ikiwa *inakata uzi*, tazama uzi kabla ya mashine. Uvute kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi kama utando, ni wa zamani au ni hafifu. Baada ya hapo kagua tundu la sindano, kisha bamba la chini: sindano iliyowahi kuvunjika huacha mkwaruzo unaokata kila uzi unaopita. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sugua kwa msasa laini kabisa.

Kisha vumbi. Fungua bamba, toa kwa brashi nyuzinyuzi zilizoganda kwenye meno na kwenye nyumba ya bobini, tia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia, ambayo nimeyaona kwa macho yangu, hugeuka gamu.

*Simama, mwite fundi cherehani*, ikiwa: sindano mpya imewekwa sawa na bado haishiki uzi wa chini hata kidogo, maana yake ndoano ya chini haikutani tena na sindano kwa wakati wake, gurudumu limekaza halizunguki hata bila kitambaa, au kuna chuma kinachogonga chuma. Kulazimisha hapo ni kugeuza kazi ya nusu saa kuwa kununua kipuri. Kwa yenye mota ya umeme, ikinuka kuungua, ikitoa cheche au ikikupiga shoti, chomoa plagi ukutani na usiirudishe. Vivyo hivyo kwa pasi yenye waya uliochubuka: selotepu si matengenezo. Na ncha ya sindano ikivunjikia kidoleni usiichokonoe, nenda hospitali ikatolewe.

Dalili: mkoba umelegea, mkanda unang'oka

Mkanda uliong'oka na kubaki mzima, huku kitambaa cha mkoba kimechanika, unaonyesha mzigo wote ulikuwa juu ya mstari mmoja wa mshono. Shona kisanduku: mraba wa sentimita 3, kisha msalaba wa pembe kwa pembe ndani yake. Nyuma ya mraba huo, ndani ya mkoba, weka kiraka cha dengrizi ya suruali kuukuu. Kitenge peke yake hakibebi kilo mbili za viazi kila siku.

Kulegea ni kukosa mwili ndani. Kile kitambaa kigumu wanachowekea kola za mashati, chenye gundi upande mmoja, kinatosha kwa mkoba mdogo. Ukikuta kimetoa mapovu, kuna mawili: uliburuza pasi badala ya kuibonyeza, au kitenge hakikufuliwa kikarudi chenyewe huku kigumu kikibaki palepale. Mapovu ya sababu ya kwanza hutulia ukibonyeza pasi sekunde 10 hadi 15 kila sehemu, bila kuisogeza, ukiweka kitambaa chembamba juu. Mapovu ya sababu ya pili ni ya kudumu.

Mfuko mtupu wa saruji, ukisuguliwa na kufutwa vizuri, umewahi kunisaidia kama bitana ngumu ya mkoba wa soko. Usiukung'utie ndani ya nyumba, vumbi lake ni baya kwa kifua.

Dalili: mto wa khanga umekaa upande, jina limekatika

Khanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa, haikuchapwa kwa ajili ya mito. Ina ukubwa wa karibu sentimita 150 kwa 110, pindo pande zote nne, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Majina mengi ni marefu kuliko mto wa sentimita 40. Ukikata mraba bila kufikiri unapata sehemu ya ujumbe, na sehemu ya ujumbe ni ujumbe mwingine. Nimeona mto wa sebuleni uliokatwa kwenye "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kilichobaki mbele ya wageni kilikuwa "mwenyeji apone", kama vile nyumba ina mgonjwa.

Chukua karatasi kubwa kuliko mto, toboa katikati yake dirisha la ukubwa wa mto, ulitembeze juu ya khanga mpaka uone unachokitaka. Ukilitaka jina zima, shona mto mrefu wa mstatili. Usipolitaka, kata kwenye mji. Khanga huuzwa doti, yaani mbili, kwa hiyo mito miwili inayofanana inapatikana bila kuhesabu maua. Ongeza sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono.

Mto uliokaa upande umekatwa nje ya nyuzi. Khanga mara nyingine huchapwa ikiwa imepinda kidogo, na ukifuata maua unauacha uzi. Ukifuata uzi, maua yanapinda. Chagua kimoja. Mimi hufuata maua, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonekana, na kuweka shuka la pamba nyuma ili lizuie kupinda.

Dalili: harufu, ukungu, mende

Gundi ya uji wa ngano ni rahisi na haina sumu, ndiyo maana shuleni wanaitumia. Ila ni chakula. Mende wanalijua hilo, na ukungu pia. Ukiona kitambaa kimetafunwa vitundu vidogo kuzunguka ukingo, au vidoa vyeusi vinavyonuka stoo, ni yenyewe. Kazi ya kuuza usiifanye kwa uji.

Kama ulitumia gundi ya dukani na bado inanuka, ulifungia kwenye nailoni kabla haijakauka. Itoe, iweke juani saa moja upande wa nyuma, kisha kivulini penye upepo siku mbili. Ukungu ulioingia ndani ya boksi hautoki. Kitambaa kivue, ukifue, ukitumie kwingine, boksi litupe. Kwa kuhifadhi tumia mfuko wa karatasi au kikapu, na kwa walio pwani, usiweke chini sakafuni.